Tukisema Mungu yuko kila mahali tunamaanisha nini hasa? Uzi wa panteizimu

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaa kichwani miezi kadhaa sasa na kila nikilitaja kwa watu wa karibu linageuka ugomvi wa dini kabla sijamaliza hata sentensi, kwahiyo nimeona nilimwage hapa taratibu.

Lilianzia kwa mwanangu wa miaka saba. Alikuwa kashika jiwe, akaniuliza baba eti Mungu yuko kila mahali? Nikamwambia ndiyo. Hata humu ndani ya jiwe, katikati kabisa? Nikamwambia ndiyo mwanangu hata humo. Akaligeuzageuza, afu akasema, sasa jiwe limempisha wapi?

Wakuu mi nilinyamaza. Tangu utotoni nimekariri kwamba Mungu yuko kila mahali na sijawahi hata siku moja kuyapima hayo maneno. Hebu fikiria, jiwe limejaa jiwe. Ukilipasua unakuta jiwe, ukilisaga unakuta vumbi la jiwe. Kama Mungu ni kitu kingine kabisa na bado yumo humo, basi ama wamebanana wawili, ama "yumo" ni neno la heshima tu tunalolitamka bila kulimaanisha, ama tumekosea tangu mwanzo kuwahesabu kuwa wawili.

Hiyo njia ya tatu ndo panteizimu. Neno lina asili ya Kigiriki, pan ni yote na theos ni Mungu. Jina lenyewe sio la zamani sana, Joseph Raphson alilitumia kwa Kilatini mwaka 1697 na John Toland akaandika habari za "panteisti" mwaka 1705, ila wazo ni kongwe kuliko hapo. Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki kuanzia kwa Zeno, kama miaka 300 kabla ya Kristo, walifundisha kwamba ulimwengu wote ni kiumbe kimoja hai chenye akili, na hiyo akili inapita ndani ya kila kitu kama pumzi inavyopita mwilini. Huko India, Upanishadi, maandiko ya kale ya Wahindu, zilishasema kabla ya hao kwamba kiini cha nafsi yako na kiini cha ulimwengu ni kimoja.

Ila mtu aliyenikamata mimi ni mwanafalsafa Spinoza. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1632 kwenye familia ya Wayahudi wenye asili ya Ureno. Akiwa na miaka 23 tu, Julai 1656, sinagogi lake lilimtenga kwa laana nzito, alaaniwe mchana na usiku, akilala na akiamka, mtu asikae naye karibu ndani ya dhiraa nne wala asisome chochote alichoandika. Hakurudi kuomba msamaha na wala hakugeuka kuwatukana. Akaenda zake akaishi kwa kusugua lenzi za darubini na hadubini, akakataa hata kazi ya uprofesa Heidelberg mwaka 1673 maana aliona itamfunga mdomo. Kitabu chake kikuu, Ethics, kilitoka 1677 akiwa ameshakufa.

Hoja yake kwa maneno yangu mepesi (wataalamu mtanisamehe maana yeye aliipanga kama hesabu za jiometri): Mungu hana mpaka, hapo wote tunakubaliana. Sasa kisicho na mpaka hakiwezi kuwa na kitu kingine pembeni yake, maana pale kile kingine kinapoanza ndipo mpaka unapopita. Ukisema kuna Mungu, afu kando yake kuna ulimwengu, umeshamwekea Mungu ukuta. Kwahiyo kipo kitu kimoja tu na vyote tunavyoviona ni namna zake za kuwa. Ndo maana akaandika yale maneno yaliyowaudhi watu wengi, Mungu yaani Maumbile.

Mimi nalielewa kwa mfano wa nguo na mkunjo. Mkunjo upo, unauona na unaushika. Ila huwezi kuutoa kwenye nguo ukauweka mezani peke yake, na nguo ikinyooshwa mkunjo haujaenda popote. Jiwe ni mkunjo, mimi ni mkunjo, na mwanangu pia. Kwahiyo jiwe halikumpisha mtu. Angalieni pia kwamba mkunjo sio nguo nzima, mtu anayepigia magoti jiwe moja kwa kudhani ndo Mungu huyo hajafika kwenye panteizimu, na anayeamini kila mti una mzimu wake naye anasema kitu kingine kabisa, huyo anahesabu roho nyingi wakati panteisti anahesabu moja tu.

Karibuni. Naomba tu tusitukanane.

#2

Nakaa hapa mkuu. Mimi msomi wa falsafa siyo ila huo mfano wa mkunjo umeniingia vizuri. Nimekuwa nikisikia hiki kitu nikiwa peke yangu usiku naangalia nyota na nikawa naogopa kukisema maana sikujua kama kina jina.

#3

Ndugu mleta uzi umeandika kwa adabu na mimi nitakujibu kwa adabu, ila sikubaliani.

Kumbuka Eliya alipokuwa mlimani. Ukaja upepo wa kupasua miamba, Bwana hakuwamo katika upepo. Likaja tetemeko la nchi, hakuwamo. Ukaja moto, hakuwamo. Afu ndo ikaja sauti ndogo tulivu. Maandiko yangeweza kabisa kusema alikuwa ndani ya vyote hivyo ila yamesisitiza hakuwamo mara tatu. Zaburi ya 19 nayo inasema mbingu zinahubiri utukufu wa Mungu, na anayehubiri habari za mtu sio yule mtu. Fundi hawi meza.

Na lile swali la mtoto, nadhani tatizo liko kwenye "ndani". Tunachukulia Mungu ni kama maji ambayo yanahitaji nafasi. Tukisema yuko kila mahali tunamaanisha hakuna kitu kinachosimama bila yeye kukishikilia wala kinachojificha asikione. Mwimbaji anashikilia wimbo, akinyamaza wimbo umeisha, ila hatusemi mwimbaji ni wimbo. Paulo kule Athene aliwaambia kwamba ndani yake tunaishi na tunakwenda na kuwa na uhai wetu, ona alisema sisi ndani yake, hakusema sisi ni yeye.

#4

Salaam. Naongeza upande wa Uislamu maana kuna mvutano mkubwa sana hapa na watu wengi hawaujui.

Kwanza kisa cha Nabii Ibrahim. Aliona nyota akasema huyu ndiye Mola wangu, ilipotua akasema siwapendi wanaotua. Akauona mwezi, nao ukatua. Akaona jua, kubwa kuliko vyote, likatua pia. Ndipo akaelekeza uso wake kwa aliyeziumba mbingu na ardhi. Yaani tauhidi yenyewe, kumkiri Mungu mmoja tu, inaanzia pale mtu anapokataa kuishia kwenye maumbile hata yawe mazuri namna gani.

Lakini Qurani hiyohiyo inasema popote mnapoelekea upo uso wa Mwenyezi Mungu, na kwamba yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake. Masufi, Waislamu wanaotafuta ukaribu wa ndani na Mungu, wakazishika aya hizi wakazama nazo. Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, ndo anayetajwa zaidi kwenye mafundisho ya wahdatul wujud, umoja wa kuwepo. Kuwepo kwa kweli ni kwa Mungu peke yake, sisi wengine kuwepo kwetu ni kwa kuazima, kama sura kwenye kioo. Mwanazuoni Ibn Taymiyya akaja kuyapinga vikali mafundisho haya. Na kabla yao wote kulikuwa na sufi Al-Hallaj, anayesimuliwa kuwa alisema mimi ndiye Haki (moja ya majina ya Mungu), akauawa Baghdad mwaka 922.

Mimi binafsi naona tofauti ya Ibn Arabi na huyo Spinoza wako ni hii, ukiondoa kioo sura haipo ila mwenye sura bado yupo. Kwa Spinoza ukiondoa mikunjo yote sijui kinabaki nini.

#5

Mi siamini Mungu yeyote ila nauliza kwa nia njema kabisa. Kama Mungu ni ulimwengu na ulimwengu ni Mungu, si umelipa tu ulimwengu jina la pili? Mwanafalsafa Schopenhauer aliishasema hili, kuuita ulimwengu Mungu sio kuueleza, ni kuongeza neno lisilohitajika. Mvutano wa sayari unabaki uleule, hesabu zinabaki zilezile. Kuna nini umekipata ambacho mimi sina?

#6 – Mleta uzi

Asanteni sana, nimezisoma zote zaidi ya mara moja.

Nianze na #5 maana swali lako lilinitesa hata mimi. Ndiyo, hakuna hesabu inayobadilika. Kinachobadilika ni mimi nasimama wapi. Ukisema ulimwengu ni mashine tupu basi mimi ni mtazamaji niliyeangukia humo kwa bahati, nje yangu kuna vitu na ndani yangu kuna mimi. Ila chukua tu damu, mwili wa mtu mzima una madini ya chuma kama gramu tatu hadi nne hivi, na kila chembe ya hicho chuma ilitengenezwa ndani ya nyota iliyokufa kabla jua letu halijawaka. Haidrojeni iliyo kwenye maji ya mwili wako asili yake ni mwanzo kabisa wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita. Oksijeni unayoivuta saivi ilitolewa na mimea na viumbe vidogo vya baharini, na hewa utakayoitoa nje kuna jani litaichukua. Sasa niambie wewe unaishia wapi na ulimwengu unaanzia wapi? Ukijaribu kuchora huo mstari kwa uaminifu mkono unakataa. Nikiwa nalijua hilo, neno "kitu" halinitoshi tena, nikisema kitu naona nimedanganya. Na neno la heshima kuu nililorithi kwa wazee wangu ni Mungu, sina lingine kubwa kuliko hilo.

Mwaka 1929 rabi mmoja wa New York alimpelekea Einstein telegramu kumuuliza kama anaamini Mungu, akajibu anaamini Mungu wa Spinoza anayejidhihirisha kwenye mpangilio wa sheria za ulimwengu, sio Mungu anayejishughulisha na hatima na matendo ya binadamu. Simleti kama ushahidi maana kujua fizikia hakumfanyi mtu ajue Mungu, namleta kuonesha kwamba hata aliyezijua hesabu vizuri kuliko sisi wote humu bado alihitaji hilo neno.

Kwa #3, mfano wa mwimbaji na wimbo ni mzuri kuliko wa fundi na meza, fundi akifa meza inabaki. Ila ukiufuata mbele nadhani umenisogelea kuliko ulivyotaka. Wimbo umetengenezwa na nini kama sio pumzi ya mwimbaji mwenyewe? Kuna njia ya katikati, kwamba vyote vimo ndani ya Mungu lakini Mungu anavizidi, Mjerumani Krause aliipa jina panentheizimu mwaka 1828, na hiyo ya Athene nadhani inakaa hapo vizuri. Wengi wanaojiita panteisti ukiwahoji vizuri wako hapo. Mimi sipo hapo kwa sababu ya ule ukuta, ila naiheshimu.

Eliya sina jibu. Hicho kisa nakipenda tangu mtoto na kinanipinga.

#4 nimejifunza kwako leo. Kwa swali lako, kwa Spinoza mikunjo haiondoki yote, nguo isiyokunjika haipo, kuzaa maumbo ndo kuwepo kwake. Alikuwa na maneno mawili, maumbile yanayoumba na maumbile yaliyoumbwa, na yote mawili ni kitu kimoja kikitazamwa pande mbili.

#7

Samahani naingilia. Nimesoma huu uzi wote nikiwa nalia na sijui kama niandike.

Nilimzika mwanangu miaka miwili iliyopita. Saratani ya damu. Alikuwa na miaka sita. Kila anayeongelea Mungu kwenye maumbile anataja nyota, majani, bahari, jua likichwea. Hakuna anayetaja seli. Zile seli zilizokuwa zinajigawa ndani ya mwanangu zilikuwa maumbile pia. Hazikukosea sheria yoyote ya ulimwengu, zilifuata sheria zilezile unazosema ndo uso wa Mungu. Kwahiyo kaka nijibu, ile saratani nayo ilikuwa Mungu? Na zile usiku nilizopiga magoti nilikuwa naongea na nani kama hakuna mtu upande wa pili?

#8

Pole sana mama. Sina neno lingine.

#9 – Mleta uzi

Dada yangu pole sana. Nimekaa na swali lako siku tatu, naomba unisamehe kwa kuchelewa, niliona kukujibu haraka ni kukukosea.

Sitakwepa. Kwa hii njia jibu ni ndiyo, zile seli nazo zimo. Panteisti anayeimba habari za machweo afu akifika kwenye wodi ya watoto anabadilisha njia huyo anachagua mikunjo inayompendeza tu. Mungu huyu hakumchagua mwanao wala hakumwadhibu wala hakumjaribu mama yake, hilo pengine ndo jambo pekee jepesi hapa, kwamba hakukuwa na aliyekaa mahali akaamua. Lakini ni haki yako kuniambia hakukuwa pia na aliyekaa mahali akahuzunika, na hapo sina pa kukimbilia.

Kuna hoja moja kwenye sehemu ya tano ya Ethics ya Spinoza ambalo nililiruka mara ya kwanza kwa kudhani sijalielewa. Anasema ampendaye Mungu hawezi kutaka Mungu naye ampende. Anampenda tu. Sio kwamba anajizuia kudai, ni kwamba akishaelewa anampenda nani hilo dai linakosa mahali pa kusimama. Aliyeandika hivyo alikuwa kafukuzwa na watu wake na kifua kilikuwa kinamwua taratibu, alifariki na miaka 44. Sisemi hivi kukwambia ujikaze kama yeye. Nasema tu kwamba hii njia ina bei, na bei yake ni hiyo, na mwenye kuitangaza bila kuitaja anawadanganya watu. Mimi mwenyewe nilipoanza nilidhani nimepata Mungu mkubwa zaidi bila kupoteza chochote. Nilipoteza wa kumuita. Kuna usiku bado nashtuka nikikuta midomo yangu inaomba.

Kuhusu ulikuwa unaongea na nani, sitakwambia ulikuwa unaongea na hewa maana siamini hivyo. Ila siwezi pia kukuahidi sikio.

#10

Mi swali langu dogo tu. Kama vyote ni Mungu mbona basi muuaji na daktari wawe sawa? Maadili yanatoka wapi?

#11 – Mleta uzi

#10 kwa kifupi, kuwa nguo moja hakufanyi mikunjo iwe na madhara sawa. Mkono wangu na jicho langu ni mwili mmoja na bado kidole kikiingia jichoni nalia. Ukishaona kwamba wewe na jirani sio vitu viwili vilivyokatana, kumuumiza kunapoteza ile faida uliyodhani unaipata. Spinoza anaitegemeza hapo karibu maadili yake yote, mtu mwenye kuelewa hajitakii kitu kizuri ambacho hawatakii na wenzake.

Na sio kwa watu tu. Mwaka 2017 New Zealand walipitisha sheria inayoutambua mto Whanganui kama mtu kisheria, mwenye haki zake na wasemaji wake, kwa sababu Wamaori wa pale wamekuwa wakisema tangu zamani mimi ni mto na mto ni mimi. Siwaiti panteisti, wana njia yao wenyewe. Ila hebu fikiria sumu inamwagwa mtoni na mtu anasimama mahakamani anasema mimi ndiye niliyemwagiwa.

#12

Ni mimi wa #7. Asanteni mlionipa pole.

Kaka asante kwa kutonidanganya. Watu wengi wamenidanganya kwa upendo hii miaka miwili. Hapo pa kupenda bila kudai kupendwa nimekaa napo sana maana ndo ninavyompenda mwanangu saivi. Namuwekea nguo zake vizuri, naongea naye, sisubiri jibu. Kwahiyo usidhani sijui hicho kitu, nakijua kuliko huyo mwanafalsafa wako.

Ila bado nakubishia. Mimi nampenda asiyenijibu kwa sababu kuna siku alinijibu. Aliniita mama, alinicheka, alinishika mkono zile siku za mwisho akaniambia mama lala. Huyo Mungu wako hajawahi kumjibu mtu hata mara moja tangu ulimwengu uanze. Sasa nimpende kwa lipi?

#13 – Mleta uzi

Dada hapo ndo penyewe, na nimeandika na kufuta mara nyingi.

Nitasema ninachokiamini, ukikikataa nitaelewa. Unasema hajawahi kumjibu mtu. Kwa hii njia hakuna Mungu aliyekaa kimya nyuma ya mwanao akimwacha mwanao aongee. Hakuna nyuma. Kwahiyo siku alipokushika mkono akasema mama lala, hilo halikuwa mfano wa jibu wala ishara ya jibu litakalokuja baadaye. Lilikuwa lenyewe.

Sijui kama hii inasaidia au inaumiza zaidi, maana inamaanisha pia kwamba hakuna lingine mahali pengine linalokusubiri. Ndo maana nilifuta mara nyingi.

Wa #3 na #4, nadhani mna kitu cha kumpa ambacho mimi sina. Msimuache.